Diski za zamani za soul na rumba zinarudi madukani: nani aliweka kanda, nani analipwa?

Kwa muda wa siku tatu, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, uliwapokea James Brown, Bill Withers, B.B. King, The Spinners na Celia Cruz. Kwenye jukwaa hilohilo walipanda pia Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini na Miriam Makeba. Mafundi wa sauti walirekodi. Lakini ilipita miaka zaidi ya 40 kabla mpenzi wa muziki hajaweza kununua diski ya wanamuziki wa Afrika waliopiga siku zile. Diski hiyo, « Zaire 74: The African Artists », ilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Uingereza, Wrasse Records.

Si hiyo peke yake. Tangu miaka ishirini hivi, muziki wa soul na pop wa miaka ya 1960 na 1970 unarudi madukani kwa wingi. Kuna albamu zilizokuwa zimesahauliwa, kuna nyimbo zilizorekodiwa na kufungiwa kabatini, na kuna albamu maarufu zinazotengenezwa tena kwenye diski nyeusi kama zamani. Kwa mkusanyaji, hiyo ni furaha. Kwa mwanamuziki mzee, ao kwa familia aliyoiacha, inaweza kuwa riziki iliyochelewa, ao kunyang'anywa kwa mara ya pili.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii huuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa. Kanda ilikuwa kwa nani? Haki ziko mikononi mwa nani? Na nani atalipwa?

Diski nyeusi haikufa

Kaseti zilipokuja, kisha CD, kisha muziki ndani ya simu, wengi walidhani diski ya 33 tours imezikwa. Hesabu za Marekani zinaonyesha kinyume. Mwaka 2022, diski nyeusi milioni 41 hivi ziliuzwa katika nchi hiyo, na CD milioni 33 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 diski kuishinda CD kwa idadi. Tangu mwaka 2008, maduka madogo ya diski yana pia siku yao kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Aprili, ambapo makampuni hutoa matoleo maalumu. Mengi kati ya hayo ni muziki wa zamani.

Diski zinazorudi hivyo ni za namna tatu, na mkusanyaji anapaswa kuzitenganisha.

Namna ya kwanza ni albamu ambayo haikuwahi kupotea. « What's Going On » ya Marvin Gaye, iliyotolewa na Motown mwaka 1971, imetengenezwa upya mara nyingi sana. Anayeitafuta hahitaji kutoka jasho.

Namna ya pili ni muziki uliorekodiwa lakini haukutolewa. Mwaka 1972, Marvin Gaye huyohuyo alianza kazi ya albamu iliyopaswa kuifuata ile. Wimbo wa kwanza haukuuzwa vizuri kama ilivyotarajiwa, albamu ikawekwa pembeni. « You're the Man » ilitoka mwaka 2019, miaka 35 baada ya kifo chake, katika mwaka ambao angetimiza miaka 80.

Namna ya tatu ndiyo inayowasumbua zaidi wakusanyaji: albamu iliyotoka, ikakosa wanunuzi, ikapotea, kisha mtu akaivumbua. Shuggie Otis, kijana wa California, alikuwa na miaka 20 tu alipotoa « Inspiration Information » mwaka 1974. Alipiga karibu vyombo vyote yeye mwenyewe. Diski haikuuzwa, na kampuni ikaachana naye. Mwaka 2001, lebo ya Luaka Bop, iliyoanzishwa na mwanamuziki David Byrne, iliitoa upya. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ilipotoka wakashangaa namna gani muziki kama huo ulipita bila kusikika.

Kazi hii ya kuvumbua hufanywa zaidi na lebo ndogo. Numero Group ilianzishwa Chicago mwaka 2003, na mwaka uliofuata ilifungua mfululizo wake wa soul kwa nyimbo za Capsoul, kampuni ndogo ya mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio. Capsoul haikuwa Motown. Ilikuwa kampuni ya mtaa, yenye waimbaji wa mtaa na diski chache. Kumtafuta mwenye kampuni ya namna hiyo, kuandika naye mkataba, kunakili kanda kabla hazijaoza, kukusanya picha na kuandika historia ya kila mwimbaji, hiyo ni kazi inayofanana na upelelezi. Ikifanywa vizuri, mwimbaji aliyekwisha kusahauliwa hurudishiwa jina lake. Ikifanywa vibaya, anachukuliwa sauti tu.

Fundi wa ujenzi aliyekuwa nyota bila kujua

Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha Sixto Rodriguez, wa mji wa Detroit. Alitoa albamu mbili, « Cold Fact » mwaka 1970 na « Coming from Reality » mwaka 1971. Nchini Marekani karibu hakuna aliyezinunua. Rodriguez akaacha muziki, akafanya kazi ya kubomoa na kutengeneza nyumba, akalea watoto wake.

Lakini diski zake zilikuwa zimefika Afrika Kusini. Huko, chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, vijana wengi wa Kizungu waliokuwa wanaanza kuukataa utawala huo walizichukua nyimbo zake kama zao. Wakuu wa redio ya serikali hawakuzipenda zote. Filamu iliyotengenezwa baadaye ilionyesha diski ya maktaba ya redio iliyokwaruzwa makusudi kwenye wimbo uliokatazwa, ili sindano isiweze kuupiga. Wasikilizaji waliamini kwamba mwimbaji amekufa, na kila mtu alikuwa na hadithi yake juu ya kifo hicho. Ni wapenzi wawili wa muziki wa Afrika Kusini, Stephen Segerman na Craig Bartholomew Strydom, waliofuatilia alama zilizokuwemo ndani ya nyimbo mpaka wakamkuta hai, nyumbani kwake Detroit. Mwaka 1998 alisafiri hadi Afrika Kusini na kupiga mbele ya maelfu ya watu.

Mwaka 2008, lebo ya Light in the Attic ya mji wa Seattle ilitoa upya « Cold Fact ». Mwaka 2012 filamu « Searching for Sugar Man » ikatembea dunia nzima, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Rodriguez alifariki tarehe 8 Agosti 2023, akiwa na miaka 81. Katika miaka yake ya mwisho alipiga kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya, Marekani na Australia.

Wengi huisimulia habari hii kama ya bahati njema. Lakini ina upande mwingine. Kwa muda wa miaka mingi albamu zake ziliuzwa kusini mwa Afrika, na yeye hakupata malipo, wala hakujua kwamba zinauzwa. Pesa zilipita mahali. Filamu yenyewe iliuliza zilikopita, na jibu halikupatikana kwa urahisi. Kwa mkusanyaji, somo ni hili: diski halisi yenye jalada halisi inaweza kuwa imeuzwa miaka ishirini bila mwenyewe kupata hata kidogo.

Kutoka Detroit hadi Kinshasa

Kampuni iliyotoa albamu za Rodriguez iliitwa Sussex. Ni hiyohiyo iliyotoa, mwaka 1971, albamu ya kwanza ya Bill Withers, « Just As I Am ». Mmoja alishindwa kuuza, mwingine akawa nyota, na miaka mitatu baadaye huyo nyota alisimama Kinshasa na gitaa yake mbele ya wakaaji wa mji. Mwaka 1975 Sussex ilifunga milango.

Hapo ndipo mwanzo wa shida nyingi za muziki wa zamani. Kampuni ikifa, kanda zake hazifi nayo. Zinauzwa, zinarithiwa, zinakamatwa kwa deni, ao zinabaki katika ghala ambalo hakuna anayekumbuka ufunguo wake uko wapi. Za Bill Withers zilipata mahali pazuri: mwaka 2012 albamu zake zote za Sussex na za Columbia ziliwekwa pamoja katika sanduku moja, ambalo baadaye lilipewa tuzo ya Grammy. Wengi wa wakati wake hawakupata bahati hiyo.

Kanda za Kinshasa nazo zilipita njia ndefu. Tamasha la Zaire 74 liliandaliwa na Hugh Masekela wa Afrika Kusini na Stewart Levine wa Marekani, ili litangulie pigano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akajeruhiwa juu ya jicho akiwa mazoezini, pigano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Tamasha halikuweza kungoja, wasanii walikuwa wamekwisha kufika. Baada yake, mabishano ya pesa na ya sheria yalizifunga picha na sauti kwa miaka mingi. Filamu juu ya pigano, « When We Were Kings », ilitoka mwaka 1996. Filamu juu ya muziki wenyewe, « Soul Power », ilitoka mwaka 2008. Na diski ya wanamuziki wa Afrika ikangoja miaka tisa mingine.

Kwa msikilizaji wa mashariki mwa Congo, diski hiyo ina sauti moja ya karibu sana: ya Abeti Masikini. Abeti alizaliwa mwaka 1954 Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Mwaka 1973 alikuwa amepiga kwenye ukumbi wa Olympia mjini Paris, na siku za Zaire 74 hakuwa na miaka 20 kamili. Alifariki mwaka 1994, karibu na Paris. Wakati diski ilipotoka, hakuwa amebaki kuisikia. Hata Franco, aliyefariki mwaka 1989, na Tabu Ley, aliyefariki mwaka 2013, hawakuiona. Kanda ikichelewa, malipo yakifika yanamkuta mjane na mayatima.

Zamu ya Congo

Zaire ya miaka ile haikuwa ikipokea soul tu kama mgeni. Vijana wa Kinshasa na Brazzaville waliingiza soul na funk ndani ya rumba yao: ngoma nzito zaidi, gitaa za kukata, tarumbeta fupi. Nyimbo hizo zilitoka mara nyingi kwenye diski ndogo za 45 tours, kwa idadi ndogo, na nyingi hazikuvuka mpaka. Mwaka 2024, Analog Africa, lebo yenye makao Ujerumani, ilikusanya nyimbo 14 za namna hiyo, za kutoka mwaka 1969 hadi 1982, chini ya jina « Congo Funk! ».

Haikuwa ya kwanza kuitazama Congo. Duka na lebo ya Sterns ya London ilitoa mwaka 2007 « The Voice of Lightness », mkusanyo wa nyimbo za Tabu Ley, kisha mwaka 2008 na 2009 mikusanyo miwili ya Franco iliyoitwa « Francophonic ». Huko Ubelgiji, lebo ya Planet Ilunga inatoa kwenye diski nyeusi nyimbo za zamani za OK Jazz na African Jazz, pamoja na maelezo marefu juu ya wapigaji na tarehe.

Na kuna muziki ulioimbwa kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka kusini na katikati ya Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, kijana mpiga gitaa aliyeitwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Katanga. Alipiga gitaa moja kwa vidole, lakini msikilizaji alidhani ni watu wawili. Wimbo wake « Masanga » ulitoka kwenye lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini na kusikilizwa mbali. Wapiga gitaa wa Kenya walijifunza kutoka kwake na kutoka kwa ndugu yake Edouard Masengo, aliyekwenda kufanya kazi Nairobi. Mwenda alifariki mwaka 1990. Leo anayetaka kusikia nyimbo hizo za mwanzo kwa sauti safi anazipata katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, iliyoko Makhanda, Afrika Kusini, na kwenye CD zilizotolewa na lebo ya Uholanzi, SWP Records.

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa ubinadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville pamoja. Furaha ilikuwa kubwa katika nchi zote mbili. Lakini ukitazama majina ya wanaotoa upya diski hizi, unasoma London, Frankfurt, Brussels, Utrecht. Si kosa la lebo hizo kwamba zinafanya kazi hiyo. Bila hizo, nyimbo nyingi zingekuwa zimekwisha. Ila kijana wa Uvira ao wa Lubumbashi anayetaka diski ya babu zake analazimika kuiagiza Ulaya na kuilipa kwa euro.

Sheria inalinda nini?

Wimbo mmoja uliorekodiwa una haki mbili. Ya kwanza ni ya mtunzi: maneno na sauti alizozibuni. Ya pili ni ya kurekodi kwenyewe: ya waliopiga na ya kampuni iliyolipa studio. Haki hizo mbili hazifi siku moja.

Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliyopitishwa mwaka 2011 iliongeza ulinzi wa nyimbo zilizorekodiwa kutoka miaka 50 hadi miaka 70. Lakini haikurudi nyuma. Nyimbo zilizotolewa kabla ya mwaka 1963, ambazo zilikuwa zimekwisha kuanguka katika mali ya wote, zilibaki huko. Ndiyo sababu mikusanyo ya bei rahisi ya Sam Cooke ao Ray Charles wa miaka ya 1950 imejaa sokoni: kampuni yoyote ya Ulaya inaweza kuitengeneza bila kuomba ruhusa kwa aliyerekodi. Mlango huohuo umefunguka kwa rumba ya miaka ya 1950, iliyotolewa na Ngoma, Opika, Loningisa na Esengo.

Hapo familia nyingi hukata tamaa mapema, na hilo ni kosa. Haki ya mtunzi ni nyingine. Huko Ulaya inadumu maisha yake yote, na miaka 70 baada ya kifo chake. Mtunzi aliyefariki mwaka 1990 angali analindwa, hata kama diski yake ya mwaka 1952 inaweza kutengenezwa na yeyote. Kampuni inayoitoa inapaswa kulipa kwa ajili ya mtunzi kupitia chama cha haki za watunzi cha nchi yake. Lakini chama hakiwezi kumlipa mtu kisiyemjua. Jina likiandikwa vibaya, ao wimbo usipotangazwa, pesa inangoja na mwisho inagawiwa wengine.

Huko kwetu, haki hizi zinatawaliwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, na chama chenye kazi ya kuzikusanya ni SOCODA, kilichochukua nafasi ya SONECA. Wanamuziki wengi wanalalamika kwamba malipo hayafiki, hasa kwa walio mbali na Kinshasa. Malalamiko hayo hayaondoi hatua ya kwanza: wimbo uandikishwe kwa jina la mtunzi, na warithi wawe na karatasi zinazoonyesha kwamba ni warithi. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nyimbo nazo ni mali.

Namna ya kutambua toleo zuri

Anayeanza kukusanya hana haja ya kuwa tajiri. Ana haja ya macho.

Atazame kwanza mgongo wa jalada. Herufi P ndani ya duara, pamoja na mwaka na jina, inaonyesha nani anadai haki ya sauti hiyo. Kampuni inayofanya kazi kwa haki huandika imepata ruhusa kwa nani, na huweka anwani yake. Jalada lenye picha yenye ukungu, bila jina la kampuni ao lenye jina lisilojulikana popote, linaonyesha bidhaa ya wizi.

Kisha atafute sauti ilitoka wapi. Kanda ya asili ni bora, kwa sababu kila nakala inapoteza kitu. Lakini kwa muziki wa Congo kanda nyingi zimepotea, na lebo inalazimika kunakili kutoka diski ya zamani iliyo safi kuliko nyingine. Hilo si aibu, mradi waseme ukweli. Mkusanyaji ajihadhari zaidi na jalada linalosema « sauti mpya » bila kueleza imetoka wapi. Wala asidanganywe na uzito. Diski ya gramu 180 ni nzito mkononi, lakini uzito hautengenezi sauti iliyokwisha kuharibika kwenye kanda.

Achunguze pia sehemu laini iliyo kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati. Hapo kuna namba zilizochorwa kiwandani. Kwa kuzilinganisha na orodha za wakusanyaji, kama ile ya mtandao wa Discogs ulioanza mwaka 2000, anaweza kujua kama ameshika diski ya kwanza ao toleo la baadaye linalouzwa kwa bei ya la kwanza.

Mwisho, asome kijitabu. Kama hakina majina ya wapigaji, tarehe ao studio, basi mtoaji hakujali. Kijitabu kizuri wakati mwingine ni mara ya kwanza mpiga besi ao mpiga tumba kuandikwa jina lake mahali popote.

Juu ya bei, kuna tofauti kati ya kukusanya ili kusikiliza na kukusanya ili kumiliki. Huko kaskazini mwa Uingereza, tangu miaka ya 1960, kuna wapenzi wa soul wanaotafuta diski ambazo karibu hazipatikani. Diski ya 45 tours ya Frank Wilson, « Do I Love You (Indeed I Do) », iliyotengenezwa na Motown mwaka 1965 kisha ikaharibiwa kabla ya kuuzwa, imebaki nakala chache sana. Mwaka 2009 moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000, na mwaka 2020 kwa pauni 100,000. Toleo jipya la wimbo uleule linapatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Masikio hayasikii tofauti ya pauni 100,000.

Sanduku lililo chini ya kitanda

Tarehe 1 Juni 2008, moto uliunguza ghala katika studio za Universal huko Hollywood. Miaka 11 baadaye, gazeti la New York Times liliandika kwamba kanda za asili nyingi sana za wanamuziki wakubwa ziliungua humo. Kampuni ilipinga ukubwa wa hasara iliyoandikwa, lakini haikukana kwamba kuna zilizopotea. Ikiwa kampuni yenye pesa na walinzi inapoteza kanda, sanduku la diski katika nyumba ya Goma ao ya Bunia liko katika hatari kubwa zaidi. Mashariki mwa Congo tunajua moto, tunajua lava ya mwaka 2002, tunajua nyumba iliyoachwa kwa haraka usiku.

Kwa hiyo familia inayobaki na diski za mzee inaweza kufanya mambo machache yasiyohitaji pesa nyingi. Diski zisimamishwe wima kama vitabu, zisilaliane, kwa sababu uzito unazipinda. Ziwekwe mbali na dirisha na mbali na bati lenye joto. Zishikwe kwa ukingo. Zile za zamani kabisa, za 78 tours, zinavunjika kama sahani, kila moja iwe na karatasi yake. Karatasi za katikati zipigwe picha kwa simu, pande zote mbili, kwa sababu hapo ndipo kuna jina la mtunzi, namba na lebo. Na mzee anayekumbuka nani alipiga gitaa aulizwe leo, majibu yake yarekodiwe kwenye simu hiyohiyo.

Akifika mnunuzi na dola zake, kutoka Kinshasa ao kutoka Ulaya, hakuna ubaya kumuuzia. Lakini kuuza diski si kuuza wimbo. Mwenye kununua diski amenunua kitu cha kusikiliza. Hakununua haki ya kuitengeneza upya. Kama anataka kuitoa, aandike mkataba na warithi wa mtunzi: nakala ngapi, kwa miaka mingapi, katika nchi gani, malipo ya kwanza ni kiasi gani, na fungu gani kwa kila nakala itakayouzwa. Familia iombe pia nakala ya sauti iliyosafishwa, pamoja na diski kadhaa za toleo jipya. Hilo halimgharimu mtoaji kitu kikubwa, na linahakikisha kwamba wimbo unarudi mahali ulikotoka.

Mkusanyaji naye ana sehemu yake. Kila anaponunua toleo lenye ruhusa na kuacha la wizi, anaongeza nafasi ya mtu fulani kulipwa. Rodriguez alipatikana kwa sababu wasikilizaji wawili hawakuridhika na kumiliki diski tu, walitaka kujua aliyeimba yuko wapi. Katika miji yetu wangali wapo waliopiga katika orkestra za miaka ya 1970. Kuwatafuta hao hakuhitaji ndege.